Pikapu Isiyojua Kusimama

Mwalimu Teopista alikuja kunitembelea mwezi uliopita. Alishuka kwenye basi hapa Kibiti na begi moja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha vya kwao, kana kwamba tuliagana juzi. Tulikuwa hatujaonana tangu alipohamishiwa kwao Tabora, na hapo katikati kila mmoja amezeeka kwa namna yake: yeye amekonda na miwani imemkaa puani, mimi nimenenepa na goti la kushoto linanisema kila ninapoinuka kwenye mkeka. Tulikaa barazani kwangu tukila mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, tukitajiana waliokufa na waliooa, mazungumzo ya watu wa rika letu, mpaka pikapu moja kuukuu iliposimama ng'ambo ya barabara kupakia magunia ya mkaa. Dereva hakuizima. Ikawa inatetemeka palepale iliposimama, inakohoa, inashuka sauti mpaka unadhani imekwisha, halafu inajikokota na kupanda tena. Teo akaacha kutafuna. Mimi nikaacha kumimina chai. Tukaisikiliza, tukatazamana, na kicheko kilichotutoka hapo kiliwatoa wajukuu zangu ndani kuja kuuliza kuna nini. Hatukuweza kuwaeleza, kwa sababu kila mmoja wetu alipofungua mdomo alianza kucheka upya.

Mwaka tuliokuwa tunaucheka nilikuwa msichana mkubwa, fundi cherehani, nimepanga chumba kwa Bi Mwanaidi. Kuhusu nilikotoka na nani alinizaa sina mengi ya kusema, wanaohusika wanayajua. Ninachotaka kukisema ni chumba. Kilikuwa cha uani, kuta za fito na udongo, kitanda cha kamba upande mmoja na cherehani ya kukanyaga upande wa dirisha, na nguo za watu zimening'inia kila palipokuwa na msumari, kiasi kwamba ukiingia ulikuwa unapishana na magauni ya wanawake usiowajua. Chumba cha pili alikaa Teo, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wangu. Siku aliyohamia nilimficha kiatu kimoja kumkaribisha. Alikitafuta, akakikosa, akaniambia kwamba watu wa pwani ni wavivu hata wizi wanaufanya nusu. Hapo nikajua tutaishi vizuri. Tulipika kwa zamu. Yangu ikifika palikuwa na wali wa nazi na kamba wa kutoka delta, au kisamvu kilichokolea nazi; yake ikifika palikuwa na ugali mgumu na maharage yasiyojua nazi ni nini, ambayo niliyala yote huku nikiyasema. Bi Mwanaidi alikula zamu zote mbili na kumsifia mpishi aliyekuwa karibu naye.

Ukuta wa nyuma wa chumba changu ulipakana na gereji ya fundi Yusto, kama mkorosho mmoja, mnyororo na matairi mabovu vinaweza kuitwa gereji. Ukuta wenyewe ulikuwa na ufa mpana wa kupitisha kidole, na kila kilichosemwa kule kiliingia kwangu bila kubisha hodi. Nilikuwa nashona huku nawasikia wanaume wakigombana juu ya vyuma, na nikajua majina ya vyuma vingi kabla sijaviona kwa macho. Yusto alikuwa mtu wa bara kama Teo, muimbaji wa kwaya, na kazi ikimwendea vizuri aliimba sauti ya tatu peke yake. Kazi ikimgomea alinyamaza. Mwaka huo, kila ilipoingia pikapu ya Shamte, alinyamaza sana.

Shamte alikuwa mtu wa Kiongoroni, kule ndani ambako huendi ila kwa chombo na mikoko inaanzia mlangoni. Alikulia mikononi mwa mafundi wa mashua, kisha akaja Kibiti kuendesha pikapu aliyoachiwa na baba yake mdogo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega kabla ya mdomo, na nilimpenda. Sioni sababu ya kulizungusha neno hilo sasa. Nilimpenda tangu siku aliponiletea jora la kitambaa kutoka kwa tajiri wangu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara kumngoja. Alipofika, badala ya kusimama, alitoa mkono nje, akalirusha jora, nikalidaka kifuani, naye akaishia kwenye kona huku sauti yake ikirudi nyuma: "Samahani sana, dada! Nikisimama nimekwisha!" Nilibaki nimekumbatia jora lile katikati ya vumbi, najiuliza huyu ni mwendawazimu au ni mtu wa maana.

Kumbe tatizo lilikuwa la gari. Pikapu ile ikikimbia ilikimbia kama nyingine. Lakini mguu ukitoka kwenye mafuta, gari limesimama na injini inatakiwa ingurume yenyewe polepole, hali ambayo mafundi wanaiita sailensa, hapo ndipo iliposhindwa. Ilitetemeka mpaka boneti likagonga, ikakohoa, ikashuka, ikazimika. Na ikizimika ikiwa na joto haikukubali stata, ilitaka kusukumwa. Kwa hiyo Shamte aliamua kutosimama. Stendi alikuwa akiizunguka polepole, mzunguko baada ya mzunguko, huku abiria wakiparamia. Akina mama wa heshima zao, na kanga zao mbili, walijifunza kukimbia sambamba na gari, kurusha kikapu kwanza, kisha kutoa mikono wavutwe na waliotangulia. Kushuka nako kulikuwa na mafunzo yake. "Shukeni mkikimbia!" Shamte alipiga kelele dirishani. "Msishuke kama mnashuka kitandani!" Teo alipanda hivyo siku moja akiwa amevaa viatu vya kisigino, na tangu siku hiyo hakuacha kunikumbusha kwamba Tabora wana treni, na treni inasimama.

Mjini tulicheka. Lakini njia ya Shamte ilikuwa ya kwenda Mahege, na kule jambo hili halikuwa la kuchekesha. Kule mwenye chombo cha moto hakuwapita watu hivihivi. Ukimkuta mtu mzima barazani kwake ulipunguza mwendo, ukasimama, ukatoa kichwa nje na kuamkia, ukaulizwa habari za utokako, ukazitoa. Na kama kuna msiba ulishuka kabisa ukatoa pole. Shamte alipita. Alipunga mkono, akapaza "Shikamooni!", na kabla marahaba haijamfikia alikuwa amekwisha kuingia kwenye mikorosho. Alipita kwenye hitima. Alipita mbele ya msikiti watu wanatoka swala ya Ijumaa. Wazee wakabaki na marahaba zao mdomoni hawajui wamkabidhi nani, na jina la kijana likaanza kuharibika, tena vibaya, kwa sababu kila mmoja aliamini amepitwa yeye peke yake kwa makusudi.

Na mmoja wa waliopitwa alikuwa Mjomba Sefu. Huyu alikuwa kaka wa mama yangu, na upande wa baba walikuwa wamekubali kwamba neno la mwisho juu ya ndoa yangu litoke kwake. Shamte alituma mshenga. Mshenga alirudi na jibu la kuambiwa angoje. Baada ya hapo Mjomba akaja mwenyewe Kibiti, akakaa ukumbini na Bi Mwanaidi, akaandaliwa wali na kuku, nami nikakaa nyuma ya pazia nikijifanya natia uzi kwenye sindano. Uzi ule sikuuona.

"Bi Mwanaidi, mimi sina ugomvi na huyu kijana," Mjomba alisema. "Anasali, hanywi, ana kazi. Lakini hasimami."

"Gari lake bovu, Mzee Sefu. Mji mzima unajua."

"Gari ni bovu, na yeye? Ananipita mlangoni kwangu kama anapita kisiki. Leo hajapewa kitu ananipita. Kesho nikishampa mwanangu, atanijua?"

"Si alikuja kwa miguu kukuomba radhi?"

"Alikuja. Mtu akija kwa miguu amekuja kuomba, na mwenye kuomba ana adabu siku zote. Nataka nimwone akiwa kazini, na haraka zake, na watu wake garini, asimame kwangu, ashuke aniamkie, na gari lake limngoje kama magari ya wenzake yanavyowangoja." Alitafuna kidogo. "Nampa mpaka mpunga utoke shambani. Baada ya hapo kuna mwenye duka Ikwiriri, naye kauliza."

Nilimjua mwenye duka huyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anahesabu vifungo vya shati alilonishonesha huku mimi nimesimama, na nilipowaza kukaa naye nyumba moja nilijisikia kama mtu aliyefungiwa stoo. Nilikaa nyuma ya pazia mpaka Mjomba alipoondoka, kisha nikaenda chumbani kwa Teo nikalia. Teo alinisikiliza, akanipa michembe ya kutafuna, akasema, "Basi tulitengeneze gari." Alilisema kama mtu anayesema tukachote maji.

Haikuwa rahisi hivyo. Shamte alishawahi kujaribu kusimama kwa Mjomba na kuiacha ife, kwa sababu alikata tamaa. Ikafa kweli, barazani hapohapo, gari limejaa watu. Ikabidi isukumwe, na waliokuwepo kusukuma walikuwa majirani na Mjomba mwenyewe, kwenye tope, na kanzu yake. "Nimekaa nisubiri kuamkiwa," alisema baadaye, "nimegeuzwa utingo." Ile safari ilitupeleka nyuma kuliko zote.

Kwa hiyo nikawa nasikiliza ufa wa ukuta kwa moyo wangu wote. Yusto alianza na plagi. Alizisugua, akabadilisha mbili, gari likatetemeka vilevile. Akashusha tangi la mafuta akiamini lina maji. Halikuwa na maji. Akaifungua kabureta, akaitandaza vipande vipande juu ya gunia, akapuliza kila tundu kwa mdomo, akairudisha. Pikapu ikasimama muda wa mtu kusema "alhamdulillahi", ikazimika. Kisha akajaribu njia ya mkato: akakaza skrubu ya sailensa ili injini ingurume kwa nguvu isipate nafasi ya kufa. Haikufa. Ilivuma hata usingeweza kumsikia aliye kando yako, na Shamte alipoachia klachi iliruka mbele kama mbuzi, mama mmoja akajikuta amekalia tenga la kuku wa mwenzake. Habari zikafika Mahege kabla ya gari. Mjomba alisema eti sasa kijana hasimami kwa kelele. Yusto akailegeza skrubu, akanyamaza tena.

Siku moja nikamsikia akisema, taratibu, "Njoo uone hapa." Alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa kabureta, akauziba nusu, na injini iliyokuwa inakufa ikajirudi. Akatoa kiganja, ikaanza kufa. Akarudisha, ikapona. "Inavuta hewa," akasema. "Si hii ya mlangoni. Kuna hewa ya wizi inaingia mahali, inazidi mafuta. Ikikimbia haijali, lakini ikitulia inakosa nguvu." Walikagua mipira yote, wakabadilisha uliopasuka, haikusaidia. "Na hapa chini," Yusto akauliza, "hili bomba linalotoka kwenye kabureta, linapokutana na injini?"

"Hapo pazima," Shamte akajibu. "Hapo niliziba mwenyewe. Hapavuji hata tone."

Yusto akaangalia. Palikuwa peusi, pamenyooka, pakavu, pamezibwa kwa ustadi. Akaendelea kutafuta kwingine.

Kuhusu kilichofuata mimi na Teo hatujapatana mpaka leo. Mimi nasema ni mimi. Nilikuwa nashona gauni jeupe la mteja, gari linanguruma nyuma ya ukuta kwa sababu Yusto alikuwa ameshikilia mafuta kwa mkono, na upepo ukaleta harufu ya papa anayeungua. Harufu hiyo tulishaizoea sote. Pikapu ya Shamte ilinuka papa siku zote, na kila mtu alijua ni kwa sababu inabeba samaki kutoka bandarini Nyamisati. Nikapiga kelele kwenye ufa, "Nyie! Gauni la watu hili! Leo mmebeba papa mmeleta hapa?" Yusto akajibu kwamba gari halijatoka gereji tangu wiki ianze, na limeoshwa kwa sabuni ndani na nje. Ndipo nikasimamisha cherehani. Teo anasema sivyo. Anasema ni yeye aliyeingia uani kutoka shule, akauliza harufu hiyo ni ya nini na gari halina mzigo, na kwamba mimi nisingeweza kuisikia kwa sababu nimezaliwa ndani yake. Tulibishana jambo hili barazani kwangu mwezi uliopita mpaka chai ikapoa. Nimemwachia awe na lake, lakini hapa ninayeandika ni mimi.

Tulizunguka wote wawili hadi gereji. Niliingiza kichwa ndani ya boneti, kanga na kila kitu, na Bi Mwanaidi akasikika uani akimuuliza Mungu kama kweli huyu ndiye mwali anayetafutiwa mume. Sikujali. Nilifuata pua yangu kama ninavyoifuata jikoni nikitafuta kilichoungua, nikapita kabureta, nikashuka, nikafika kwenye lile ungio jeusi la bomba. "Ni hapa."

"Hapo ndipo nilipoziba," Shamte akasema.

"Uliziba kwa kitu gani?" Yusto akauliza.

"Kalafati."

Teo akatutazama mmoja mmoja, akauliza kalafati ni kitu gani. Shamte akamweleza, tena kwa fahari, maana alikuwa hajaona kosa: gasketi ya pale, ile karatasi ya kuziba kati ya chuma na chuma, iliungua akiwa bandarini, fundi hakuna, duka hakuna, watu wanataka kwenda makwao. Basi akafanya walivyofanya baba zake mbao za mashua zikiachana. Akasokota pamba, akaichovya kwenye mafuta ya papa, akaishindilia kwenye ufa kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, mpaka ikashika. Gari likamfikisha Kibiti. Tangu hapo hakupafikiria tena, kama ambavyo hakuna mtu wa Kiongoroni anayefikiria tena mahali alipokwisha kupatia kalafati.

Yusto akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha oili. "Mwanangu, mashua inakaa majini! Pamba inakunywa maji inavimba, inaziba. Hii inakaa motoni, bomba la moshi liko jirani yake. Pamba yako imekauka kama kumbi la nazi."

"Lakini hapavuji!"

"Hapavuji nje. Panafyonza ndani."

Shamte hakuamini mpaka alipoonyeshwa. Teo alikwenda uani kwenye beseni la nguo zake, akarudi na bakuli la maji ya sabuni yenye povu. Yusto akawasha gari, likaanza kutetemeka kama kawaida yake, naye akawa anamimina povu kwa kijiko, taratibu, kulifuata lile ungio. Povu likakaa. Likakaa. Halafu mahali pamoja likazama lote, likanyonywa ndani tukiona, na injini ikabadilisha sauti palepale, ikatulia kwa pumzi mbili, kisha ikarudia kukohoa. Tulipiga kelele kama watu walioona mpira umeingia golini. Yusto akamimina tena, ikatulia tena. Teo akataka kumimina yeye, nami nikataka, na Shamte akamimina mara nyingi kuliko wote, huku mabega yake yakitikisika. Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Miezi yote ile, wazee wote wale walionuna, na mwenye duka wa Ikwiriri na vifungo vyake, chanzo kilikuwa pamba kidogo na mafuta ya papa.

Lakini gasketi ya gari la umri ule haikuwepo Kibiti. Yusto alikuwa na kipande cha karatasi ngumu ya kukatia gasketi, akalifungua lile bomba, akapaka oili chafu kwenye uso wake wa chuma, akaugandamiza juu ya karatasi ukaacha alama. Alipokata kwa kisu chake, pale pembamba katikati ya matundu pakachanika. Karatasi iliyobaki ilitosha gasketi moja tu, akaipiga alama upya. Akaishika mkononi, akakitazama kisu, na mikono yake ilikuwa imechoka. Mimi nikarudi chumbani nikachukua mkasi wangu.

Anayeshona ataelewa. Mkasi wa kukatia nguo haugusi karatasi, karatasi inaua makali. Wangu nilikuwa naufungia kwenye kitambaa, na siku moja Teo aliponikatia nao picha ya kubandika darasani kwake sikumsemesha mpaka jioni. Alipouona sasa mkononi mwangu alifungua macho. "Shoga," akasema, "mkasi wa nguo? Basi huyo mtu unampenda kweli."

"Nampenda. Nyamaza nisikosee."

Nililisema mbele ya Shamte, mbele ya fundi, mchana kweupe, na kwa miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Sikumtazama. Nilikata nikifuata alama ya oili kama ninavyofuata chaki shingoni mwa gauni, nikazunguka kila tundu polepole, na pale pembamba nilikata bila kuvuta pumzi. Haikuchanika. Shamte alikuwa ameshaanza kuchokoa kalafati yake kwa msumari, inatoka vipande vikavu, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Yusto alifunga kila kitu, akakaza nati, akawasha. Injini ikashika, ikashuka, ikafika pale ilipokuwa inafia siku zote, ikakaa hapo inanguruma, pole, sawasawa. Tuliingoja izimike. Yusto alifunga boneti, akaweka kikombe chake cha chai juu, chai ikabaki kikombeni, naye akaanza kuimba sauti ya tatu.

Kesho yake nilipanda kwenda Mahege, nikiwa na magauni ya mke wa Mjomba kama kisingizio. Pale stendi Shamte alisimamisha gari kabisa. Watu hawakuamini. Akina mama walikuja mbio kama walivyozoea, wakarusha vikapu, wakaruka wenyewe, wengine wakapitiliza hadi upande wa pili kwa sababu gari halikuwa linakwenda. Njiani akasimama kwa kila mzee aliyemwona, akaamkia, akatoa habari, akaondoka, na nyuma yetu niliona watu wakitoka majumbani kutazama. Abiria walianza kunung'unika kwamba hatutafika. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa upande mmoja wa njia, na kila nilipoyaona mabua nilizihesabu siku za Mjomba zilizobaki.

Mjomba Sefu alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe. Pikapu ikasimama mlangoni kwake. Shamte akashuka, mlango akauacha wazi, injini inanguruma nyuma yake, akaenda mpaka mbele ya Mjomba, akavua kofia.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba aliendelea kuchonga. Alilitazama gari kwanza. "Marahaba," akasema. "Habari za Kibiti?"

"Njema."

"Za Kiongoroni?"

"Njema, mjomba, wanakusalimu."

"Mama yako mguu umepona?" Umepona. "Mvua huko?" Zipo za kutosha. "Kamba wanatoka?" Wanatoka. Akauliza nguruwe walivyoharibu mashamba, akauliza mashua ya fulani iliyokuwa haijakamilika, akamuulizia mtu aliyekufa na kuambiwa amekufa, akamwombea, akaendelea na aliye hai. Hapo ndipo abiria walipoelewa, na manung'uniko yakaisha. Gari zima likawa linasikiliza injini. Kuna wakati ilishuka kidogo, ikatikisika mara moja, na sote tukashika tulichokuwa karibu nacho. Bibi mmoja kando yangu akasema chini chini, "Jikaze, mwanangu," na sikujua anamwambia Shamte, mimi, au pikapu. Ikatulia.

Mjomba akaweka mpini chini. Akainuka, akaja hadi kwenye gari, akalaza kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda. Mimi alijifanya hanioni.

"Linangoja," akasema.

"Linangoja, mjomba."

"Basi lizime, mkwe wangu. Na watu wako washuke, wali umeiva."

Shamte akarudi kwenye usukani. Akashika ufunguo, lakini hakuuzungusha. Aliinua macho akanitazama huku nyuma, na nikaelewa kwa nini mkono wake unasita. Tangu nimjue, pikapu ile ilikuwa ikimfia mikononi, hakuwahi kupata nafasi ya kuizima. Nikamtikisia kichwa kumwambia ndiyo, naye akaizima mwenyewe.